Mama hajui Kiswahili, daktari hajui Kimaasai: barua zenu kuhusu saratani

Barua za mwezi huu zimetoka pande za mbali sana, Simanjiro mpaka Louisville kule Marekani, na karibu zote zina kilio kimoja: tiba ipo, kikundi kipo, lakini mtu wangu hafikiwi. Nimewauguza wagonjwa wa saratani mpaka nilipostaafu, na kilio hiki nakijua. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Walioniuliza kuhusu kunyonyesha wakati wa matibabu wanivumilie, nitawajibu toleo lijalo.

Shikamoo sista. Nina miaka 19, natokea Simanjiro. Mama amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi na tumepewa rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Mama anajua Kiswahili cha salamu na cha mnadani tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria. Daktari aliponitajia ugonjwa uko wapi, nilishindwa kumwambia. Yule ni mama yangu. Nikamwambia ni tumbo. Tunasafiri wiki ijayo na yeye anajua anakwenda kutibiwa tumbo. Nifanye nini?

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mama umpe pole yangu. Usijilaumu. Kwenu, kama ilivyo kwa makabila mengi ya nchi hii, kijana wa kiume hataji sehemu za siri za mama yake, na waliokuweka katikati ya mama na daktari walitakiwa kulifikiria hilo kabla hujafungua mdomo. Mtoto hafai kuwa mkalimani wa mzazi wake kwenye ugonjwa huu, hata kama ana ndevu.

Kabla ya safari mtafute mwanamke anayekijua Kimaasai na Kiswahili sawasawa, wa rika la mama au aliyemzidi kidogo, na asiwe wa boma lenu. Anzia zahanati kwa muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ukikosa, nenda hospitali ya wilaya uulize ni muuguzi gani wa kike anazungumza Kimaasai. Mpe karatasi ya rufaa aisome, mweleze ulichomwambia mama na usichomwambia, kisha wewe toka nje uwaache wawili. Aanze kwa kumuuliza mama mwenyewe anajua nini na anataka kujua nini. Wako wanaotaka kujua kila kitu, na wako wanaosema mweleze dada yangu. Yote mawili ni haki yake, ila aulizwe.

Haya ndiyo ningependa ayasikie kabla hajapanda basi. Mionzi ya nje kwa ugonjwa huu kwa kawaida huchukua kama wiki 5, Jumatatu mpaka Ijumaa, dakika chache kila siku. Mashine haimgusi wala haiumi, lakini ataachwa peke yake chumbani na mlango mzito utafungwa, huku wahudumu wakimwona kwenye kioo cha kamera. Huenda akaambiwa anywe maji asiende haja ndogo mpaka amalize, kwa sababu kibofu kikijaa husogeza utumbo mbali na mionzi. Wengi hupewa pia dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Baadaye huja mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa ukeni. Hili asije akalikuta kitandani. Aambiwe mapema, aambiwe na mwanamke, na aambiwe kuwa anaweza kuomba wahudumu wa kike na dawa ya maumivu.

Halafu kuna alama. Wataalamu humchora mgonjwa kwa wino kwenye ngozi ili mionzi ipige palepale kila siku. Niliwahi kumhudumia mama mmoja, naye hakujua Kiswahili, ambaye asubuhi ya siku yake ya kwanza aliamka mapema, akaoga kwa sabuni na dodoki akazisugua zote zikatoka. Alitaka aingie kwa mashine akiwa msafi. Mtu mmoja alimwonyesha kwa kidole "usioshe", yeye akaelewa "nenda kaoshe". Ikabidi apimwe na kuchorwa upya, akarudi mwisho wa foleni, na nauli ya ndugu aliyemleta ikaliwa na siku zile za kungoja. Mama yule hakukosea chochote. Alikosa mtu mmoja tu wa kumwambia kwa lugha yake.

Mkifika Dar es Salaam, muwe macho na jambo hili. Wauguzi wakikosa mkalimani wa Kimaasai, wa kwanza kufikiriwa ni mlinzi wa getini. Nimewaona vijana wa rika lako wakiitwa kutoka kwenye lindo, rungu mkononi, waje kumwambia mama wa watu kuhusu mlango wa kizazi. Kijana anatazama ukuta, mama anajifunika shuka usoni, na daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa. Ikitokea, mama akatae, na wewe useme kwa adabu: tunaye mkalimani wetu kwenye simu. Yule mwanamke wa huko nyumbani mwombe namba, mpatane saa, muwekee vocha. Simu ikiwa na sauti ya nje, akikaa yeye Simanjiro na mama mbele ya daktari, mazungumzo yanakwenda vizuri, na kwa mambo ya aibu mara nyingine yanakwenda vizuri zaidi, kwani mama hatazamwi usoni na anayemjua. Daktari aseme sentensi moja moja. Mwisho mama ayarudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyaelewa, na mkalimani amwambie daktari kasema nini. Hapo ndipo dole gumba liwekwe kwenye fomu ya ridhaa.

Mapambo pia mjiandae nayo. Kipimo cha MRI hakikubali chuma chochote, na najua kuna mapambo ya masikio ambayo mama mwenye watoto hayavui ovyo. Aambiwe akiwa nyumbani, azungumze na wazee wake, mshipi wa shanga na vyuma vipate mahali pa kutunzwa kwa heshima, badala ya kuvuliwa haraka haraka mlangoni na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Bebeni barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha kinyama na picha zote, na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu. Siku ya kwanza tu, kabla hela hazijaisha, muoneni afisa ustawi wa jamii. Huyo ndiye anayeshughulikia msamaha wa gharama, na ndiye anayejua wapi pa kulala kwa bei nafuu. Wengi humtafuta wiki ya tatu, wakiwa wameshauza ng'ombe kwa bei ya hasara. Hizi ni wiki nyingi, mwanangu. Kama una shangazi au dada anayeweza kukaa na mama, aende yeye, wewe ushughulike na mifugo na nauli.

Jambo mama. Sisi ni Wakongomani, tulipita kambi ya Nyarugusu, sasa tuko Louisville, Kentucky. Dada yangu iko na kansa ya titi. Binti yake wa miaka 14 ndiye anamutafsiria ku hospitali, anakosa masomo, na usiku analia. Siku moja walitupa mkalimani wa simu lakini alikuwa anasema Kiswahili ya Tanzania mubio mubio, dada hakusikia yote. Kwao ni Fizi, Kibembe ndiyo anasikia muzuri. Tunapaswa kulipa mkalimani?

Jambo, mdogo wangu. Mnasoma barua ya kijana wa Simanjiro hapo juu? Binti yenu amebebeshwa mzigo uleule, ila yeye ni mdogo zaidi na nchi ni ngeni.

Hamlipi chochote. Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inalazimika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kikaongeza nguvu. Kanuni zake hazikubali hospitali imtegemee mtoto kutafsiri, isipokuwa dharura ambapo hakuna mtu mwingine kwa wakati ule. Binti arudi darasani. Ajaze karatasi moja tu ya mwisho, aandike kwa Kiingereza kwamba mama anahitaji mkalimani wa Kibembe, na akikosekana, wa Kiswahili cha Kongo. Karatasi hiyo muipeleke mapokezi na muombe iandikwe kwenye faili lake la kompyuta, ili mkalimani awe ameshapangwa kabla ya kila miadi. Mkalimani wa simu akienda mbio, dada ana haki ya kusema sielewi, na kuomba mwingine.

Chama cha Saratani cha Marekani, American Cancer Society, kina simu ya bure, 1-800-227-2345, na wanaunganisha mkalimani. Ukipokelewa, taja kwa Kiingereza jina la lugha yako na usubiri usikate. Walioko Uingereza wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa Macmillan Cancer Support.

Na yule mtoto, mama yake apate siku ya kukaa naye bila habari za hospitali. Anayoyajua ni mengi kuliko umri wake. Mwambieni mshauri wa shuleni.

Mimi ni kiziwi, naishi Mwanza. Nimekatwa titi na nimeanza dripu za dawa. Siku ya kwanza kliniki nilikaa kwenye benchi hadi saa 9 alasiri, kumbe jina langu liliitwa asubuhi. Mkalimani ninayemjua ni wa kanisani kwetu, na viziwi wa hapa tunajuana wote. Sitaki habari zangu zifike huko. Pia nimeambiwa nikipata homa nipige simu haraka. Nipige vipi?

Mdogo wangu, swali lako la mwisho ndilo nitakalolijibu kwanza kwa kuwa linagusa uhai. Dawa za dripu hushusha chembe nyeupe za damu, hasa siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dripu, na homa ya nyuzi 38 wakati huo si ya kumeza panadol na kulala. Ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Nunua kipimajoto, vinapatikana famasi. Kisha kwenye miadi ijayo mwandikie muuguzi: "Mimi ni kiziwi, naomba namba ya kutuma meseji, si ya kupiga." Namba hiyo iwepo kwenye simu yako na ya jirani mmoja unayemwamini. Andika ujumbe kabisa uuhifadhi, wenye jina lako, namba ya faili, tarehe ya dripu ya mwisho, na nafasi ya kujaza joto. Siku ya homa hutakuwa na nguvu ya kutunga sentensi. Na kama hujajibiwa, usingoje jibu, nenda.

Kuhusu benchi, nimekasirika kwa niaba yako. Kuita watu kwa sauti kwenye korido iliyojaa ni mazoea tu, kunaweza kubadilishwa leo. Nenda na kadi ngumu yenye maandishi makubwa: SISIKII, NIGUSE BEGA. Moja ibanwe juu ya faili lako, nyingine uishike. Keti mstari wa mbele unapomwona anayeita. Nawaomba wauguzi wenzangu mnaosoma hapa: namba iliyoandikwa kwenye ubao inamfaa kiziwi, na inamfaa bibi aliyesinzia, na inamfaa hata yule asiyetaka jina lake litajwe mbele za watu.

Ukipangiwa mionzi baadaye, kumbuka utakuwa peke yako chumbani na wahudumu husema nawe kwa kipaza sauti. Wewe hutakisikia. Kabla ya kulala kitandani patana nao: taa ikizimwa na kuwashwa mara mbili maana yake nini, na wewe ukiinua mkono maana yake simamisheni. Usikubali kuanza kabla hamjapatana.

Mkalimani wa kanisani unaweza kumkataa, na hulazimiki kueleza sababu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kukuelekeza kwa mkalimani wa lugha ya alama wa mji mwingine, mkazungumza kwa simu ya video. Mwombe kabla ya kuanza akuahidi siri, mbele ya daktari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako, kwa hiyo hospitali isikuone kama unaomba hisani.

Neno kwa wasomaji ambao bado wanasikia kidogo kwa sikio moja: mwambieni daktari kabla ya kuanza dawa. Sisiplatini, inayotumika sana kwenye saratani kadhaa, inaweza kupunguza usikivu uliobaki.

Assalaam alaykum bibi. Mume wangu kafanyiwa operesheni ya utumbo mpana, kawekewa mfuko wa choo ubavuni na kaambiwa ndio wa maisha. Toka hapo msikitini haendi. Asema najisi haimtoki, sala yake haipokelewi. Ramadhani i karibu na dawa bado yuatumia. Tuko Pemba.

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi si mwanachuoni, na mumeo namtuma kwa sheikh wake. Ila jambo hili nimelisikia likiulizwa mara nyingi wodini, na masheikh wa kwetu jibu lao halikubadilika: huyu ni mwenye udhuru. Husafisha, huufunga mfuko vizuri, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali bila kuchelewesha. Kinachotoka bila hiari yake hakimharibii sala. Saumu nayo iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mgonjwa hula, akipona hulipa. Aliyekatiwa tamaa ya kupona hulisha maskini kwa kila siku. Akifunga huku yuko kwenye dripu, upungufu wa maji unaweza kumuumiza figo, hasa kama mfuko umetoka kwenye utumbo mwembamba, kwani huo hupoteza maji mengi.

Mimi naweza kukusaidia na mfuko wenyewe. Aumwage ukijaa theluthi tu, asingoje ukabubujika kwenye rukuu. Tundu la gamba linalobandikwa likatwe lilingane na utumbo uliotokeza, kwani likiwa pana ngozi huungua na gundi haishiki. Aende Ijumaa ya kwanza na ndugu mmoja anayejua, wakae karibu na mlango wa kwendea kutawadha. Akirudi salama mara hiyo moja, ya pili atakwenda mwenyewe.

Wapasuaji nao, na wagonjwa ambao hawajafika mezani: mahali pa mfuko huchaguliwa kabla ya operesheni, kwa kalamu, mgonjwa akiwa macho. Mwislamu aambiwe akae, ainame, asujudu, afunge shuka au kikoi kama anavyofunga kila siku, kisha ndipo alama iwekwe pasipokunjika. Kulifanya hili ni kazi ya dakika kumi. Kutolifanya, mtu anaweza kuhangaika nalo miaka.

Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la tatu, wilaya ya Sengerema. Mwalimu mkuu anakataza kofia kwenye mstari wa asubuhi na shati la mikono mirefu kwa kuwa si sare. Mtoto ameanza kuwa na magamba kwenye masikio. Nimkatae mwalimu?

Usimkatae, nenda naye kwa daktari kwanza. Masikio, midomo, shingo na mgongo wa mkono ndiko saratani ya ngozi huanzia kwa wenye ualbino, na magamba yanayoganda bila kupona yanatakiwa kuonwa wiki hii. Yakiwahiwa, huondolewa kwa ganzi ndogo na mtoto anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yakiachwa huwa donda la kuua kijana. Daktari akuandikie barua: kofia pana pande zote, mikono mirefu, kukaa kivulini wakati wa mstari na michezo, kukaa mbele darasani. Barua hiyo ipeleke kwa mwalimu mkuu na nakala kwa afisa elimu kata. Mwalimu ukimpa karatasi ya daktari, humlazimishi kuvunja kanuni yake, unampa sababu.

Uliza pia kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, losheni ya kukinga jua. Inatengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino na hugawiwa kwenye kliniki za mikoani. Ipakwe kila siku, hata kukiwa na mawingu, na ngozi yote ichunguzwe kila miezi 6.

Sisi ni kikundi cha wanawake tuliotibiwa saratani ya titi na ya mlango wa kizazi, Morogoro mjini. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi wa kanisa. Tumebandika matangazo, tumefungua kundi la WhatsApp, tumechapisha fulana. Wanaokuja ni walewale, walimu, wauguzi, wenye maduka. Wa vijijini hawaji, Waislamu wachache, wanaume hakuna kabisa. Tumesema mlango uko wazi kwa wote. Tumekosea wapi?

Dada zangu, kwanza hongereni. Wagonjwa wangapi wamerudi nyumbani na karatasi ya dawa tu, bila mtu aliyepita njia hiyo wa kumuuliza, nywele zitarudi lini? Nyinyi mpo. Sasa tuzungumze kama ndugu.

Kusema mlango uko wazi kunamsaidia aliyekwisha kufika mlangoni. Ukumbi wa kanisa unamtosha Mkristo wa kanisa hilo. Jumamosi inamwacha nje Msabato. Kundi la WhatsApp linahitaji simu janja, bando na kusoma, na vijijini simu mara nyingi ni ya mume, kwa hiyo meseji yenu ya "karibu kikao cha saratani ya mlango wa kizazi" inasomwa na mtu mwingine kabla ya mwenyewe. Fulana nazo, naomba mnisamehe, ndizo zilizonigusa zaidi. Mwalimu wa mjini akiivaa anaonekana shujaa. Mwanamke wa kijiji kisicho na siri, aliyewaambia majirani kwamba alikwenda kutibiwa vidonda vya tumbo, atashuka vipi kwenye daladala amevaa maandishi ya saratani ya titi kifuani? Atabaki nyumbani, na nyinyi mtasema hana mwamko.

Morogoro milima yote inashuka sokoni. Mama wa Mgeta analeta kabichi na karoti, wa Kinole analeta ndizi na viungo, wa Matombo naye ana siku yake. Nauli ameshalipa kwa ajili ya mzigo. Ulizeni siku zao, na mzilinganishe na siku za kliniki pale hospitali ya mkoa, kisha kikao kiwe siku hiyo, baada ya saa za mauzo, kwenye chumba cha hospitali au cha serikali ya mtaa ambacho hakina msalaba wala mwezi. Aliyeulizwa unakwenda wapi ajibu tu, kliniki. Dua ya kufungua ifanyeni kimya, kila mtu kwa imani yake. Michango ya papo hapo iondoeni kabisa. Kama mnayo hela ya fulana, ifanyeni mfuko wa nauli, apewe mtu bila kuandikwa mbele za wenzake.

Kuna mlango mwingine ambao sijaona mkiutaja, nao ni CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 kuliko asiye na VVU, na Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, wakati wengine huanza 30. Wanawake hawa tayari wana vikundi vyao na wanajua kutunza siri kuliko sisi. Waombeni muende kwao, mmoja au wawili, mkaketi wakiwa wanasubiri dawa. Elezeni kipimo cha siki kama mlivyokipata nyinyi: unalala, muuguzi anapaka siki nyepesi, anasubiri kama dakika moja, anatazama kama pana weupe, na paonekanapo tatizo dogo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Semeni na ile baridi ya kile chuma. Semeni kwamba mnaweza kuomba muuguzi wa kike. Mwanamke akisikia hayo kutoka kwa aliyelala pale, inamwingia kuliko bango.

Kwa wale wa milimani, jambo moja litawavuta kuliko hotuba yoyote: titi la kitambaa. Matiti bandia ya dukani ni ghali na mengi yana rangi ya ngozi ya Kizungu. Chukueni kipande cha kanga laini, kijazeni pamba, na katikati mshone mtama kidogo kwenye mfuko wake mdogo ili lipate uzito, kwani lisipokuwa na uzito sidiria hupanda upande mmoja na mtu anajiona amepinda. Mtama utolewe kabla ya kufua. Shoneni pamoja kikaoni, kila mtu apime kwa ukubwa wake. Mikono ikiwa na sindano, midomo hufunguka. Hapo hapo muwaeleze kuhusu mkono: aliyetolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono hata miaka baadaye. Anayelima na kubeba kuni hatuwezi kumwambia aache kulima. Tumwambie aanze na mizigo midogo akiongeza taratibu, mkato wa panga au jembe auoshe kwa sabuni siku hiyo hiyo, na mkono ukianza kuwa mzito aje mapema, asingoje pete ikwame.

Wanaume msiwaite kwenye kikao chenu. Hawatakuja, na wakija nyinyi hamtasema yenu. Mtafuteni mzee mmoja aliyetibiwa tezi dume, anayeheshimika kijiweni kwake, mumpe chumba siku nyingine na mumwache aite wenzake kwa namna anayoijua. Swali lao la kwanza ni la chumbani, la pili ni la mkojo, na hawatayauliza mbele ya wake za watu.

Mkishapata chumba na siku, nileteeni ratiba. Nitaichapisha hapa, lakini ipelekeni pia kwa wahudumu wa afya wa Mgeta na Matombo, misikitini na kwenye redio ya hapo mkoani, iandikwe tu "kliniki ya ushauri". Na mwenye swali la haraka, Tanzania namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa simu yoyote, hata ya kitochi.